Mchomaji wa Vitonge

Mume wangu Othmani hakuwahi kuonja pombe. Naanza na hilo hata kabla sijataja jina la baba yake, maana yaliyosemwa nayajua, na waliosema nawajua, wengine wamekula pilau yangu ya Idi. Pombe ya mtama hakunywa, bia hakunywa, hata togwa aliinusa kwanza ndipo akaionja. Sasa mtu akiniambia mikono ya Othmani ilitetemeka kwa ulevi, namwambia akae chini anisikilize. Asipotaka kukaa, njia ile pale.

Sisi tulikuwa watu wa duka, Singida mjini. Kanga, vitenge, na sukari ikipatikana. Ilipokuja ruksa kila mtu akawa mfanyabiashara, marobota ya mitumba yakashushwa mpaka kibarazani kwetu. Nani anunue kitenge kipya wakati gauni la Ulaya linauzwa kama njugu? Duka likafa huku tunalitazama. Lakini dhahabu nayo ilikuwa imepata ruksa. Watu waliokuwa wakiificha kwenye soksi sasa waliipima mchana kweupe. Othmani akafunga duka, akanichukua mimi na binti yetu Kudra, tukahamia machimboni, mbele ya Issuna, kwenye kibanda cha udongo na mabati manne.

Hakwenda kuchimba. Mgongo wa muuza kanga utaliweza wapi duara, shimo la mita arobaini kwenda chini? Alikwenda kuchoma. Jiwe likishapondwa na kuoshwa, unga wake huchanganywa na zebaki, na zebaki huikamata dhahabu. Ukikamua kwenye kitambaa unabaki na kitonge cheupe, kidogo kama punje ya karanga. Hicho ndicho huwekwa kwenye kibati juu ya mkaa, mpaka zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki njano.

Kila mwenye duara angeweza kujichomea. Ila duara moja lina wabia sita, saba, na hakuna anayemwamini mwenzake hata kwenda kukojoa. Walitaka mtu wa pembeni, asiye na duara, asiyekunywa, anayeswali. Wakampata Othmani.

Uaminifu wake ulikuwa na utaratibu. Mlango unafungwa, upepo usije ukapeperusha na wapita njia wasione. Wenye kitonge wanakaa upande wa mlango. Othmani anainama juu ya jiko, uso kwenye kibati, hanyanyuki, hageuki, hapeleki mkono mfukoni, mpaka rangi igeuke. Hata akipiga chafya, ananyoosha viganja waone havina kitu. Siku moja vitonge kumi, siku nyingine kumi na tano. Hakuna aliyewahi kusema dhahabu imepungua kwa Othmani, na ujira wetu, punje ya dhahabu kwa kila kitonge, ulitutosha kula.

Kwamba moshi ule una sumu tulijua, msituone wajinga. Na dawa yake tuliijua pia: maziwa. Maziwa yanakata sumu, nani asiyejua? Dorkas, mama mmoja wa Kinyaturu mwenye ng'ombe zake kule bondeni, aliniletea lita nzima kila asubuhi. Othmani hakukaa kwenye jiko bila kunywa kikombe kizima kwanza.

Ikaja Ramadhani, ule mwaka uliofuata mvua za El Niño. Alifunga, kwa hiyo mchana maziwa hakunywa, lakini kuchoma alichoma. Kufikia kumi la mwisho, kikombe cha futari kilikuwa kinagonga meno yake. Fizi zikatoka damu, usingizi ukamkimbia. Mtu mpole yule akaanza kumfokea Kudra kwa sababu tu kijiko kimeanguka. Mimi nikasema sababu naijua, ni kukosa maziwa. Idi ilipopita nikamwambia Dorkas alete lita mbili. Na kila Othmani aliposema, "Mama Kudra, leo sijisikii," nilimpa kikombe nikamwambia, "Kunywa, Baba Kudra, kisha ukakae. Watu wako mlangoni." Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu. Mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Basi maneno yakaanza. Mara anakunywa gongo kwa siri, mara amekutwa kilabuni Manyoni. Manyoni! Mtu ambaye kisimani tu alifika kwa kushikwa mkono. Wakaanza kumnusa. Melkiori, mwenye duara kubwa kuliko yote, alikuwa akija kusalimia anatanguliza pua. Othmani aliona. Nikamwambia apumzike hata wiki. Akasema, "Nikipumzika watasema nimelala pombe." Akazidi kuchoma.

Mwezi wa sita akaja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, Godfrey, ana miwani na rundo la karatasi. Aliniamkia shikamoo vizuri, akakaa kwenye kigoda. Akasema wanatengeneza ramani ya dunia, ya kuonyesha binadamu wanapeleka wapi zebaki hewani na kiasi gani, kutoka viwandani, kutoka kwenye makaa ya mawe, kutoka machimboni kama kwetu.

"Dunia nzima?" nikamuuliza.

"Dunia nzima, mama."

"Na sisi tumo?"

"Ninyi mmo sana."

Akamuuliza Othmani: vitonge vingapi kwa siku, kimoja uzito gani kabla ya moto, uzito gani baada. Othmani alimjibu kama mtu wa duka, hakukisia. Godfrey akaandika, akajumlisha, akasema nusu kilo ya zebaki inakwenda hewani kila wiki kutoka hapa. Kisha akauliza tunachomea wapi.

"Hapahapa ulipokaa," nikasema.

"Mlango ukiwa wazi?"

"Umefungwa."

Akatazama mabati, akatazama godoro la Kudra pembeni, hakuandika. Akampa Othmani kalamu aandike jina lake mwishoni mwa karatasi. Kalamu ikacheza mpaka ikatoboa karatasi.

"Umeanza lini kutetemeka, baba?"

Nikamrukia mimi. "Ni kukosa maziwa huyo! Alifunga. Sasa anapata lita mbili, atakaa sawa."

"Mama," akasema polepole, "maziwa hayafanyi kitu. Moshi unaingia kwa pumzi, unakwenda kwenye damu na kichwani. Maziwa yanakwenda tumboni tu."

Nilitaka kumzaba kibao. Wallahi mkono ulinyanyuka. Kisha nikakumbuka vile vikombe, kimoja baada ya kingine, nikakaa chini kwenye vumbi. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Atapona?"

"Akiacha leo, huenda kutetemeka kukapungua. Asipoacha, atafika mahali hawezi kujilisha. Na hiki kibanda mhame. Zebaki imeshaingia kwenye udongo wa kuta."

"Basi mpe dawa."

"Sina dawa, mama. Nimetumwa kuhesabu."

"Umetumwa kuhesabu moshi! Na anayeuvuta humhesabu?"

Akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya yule kijana, na hasira zangu hazikumstahili.

Othmani akamrudishia kalamu yake. Akasema, "Naacha. Lakini ukawaambie wewe. Nikiacha kimyakimya, watasema pombe imenishinda."

Godfrey akatoka, akawakusanya watu mbele ya kibanda, kama thelathini hivi, akawaeleza. Walicheka jamani. Melkiori akasema, "Kama ni moshi, mbona sisi hatutetemeki?" Godfrey akamjibu kwamba kila mmoja wao anavuta moshi wa kitonge chake na kwenda zake, lakini Othmani anavuta wa machimbo yote. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Umeshalishwa kuku na Mama Kudra wewe!" Wakacheka tena, wengine wakaondoka.

Melkiori hakuondoka. Akaingia ndani na wabia wake wawili, kitonge kwenye kitambaa, kikubwa kama ndimu changa. "Othmani, unachoma au huchomi? Sema."

"Amesema ameacha," nikajibu mimi.

Othmani akanyanyuka. "Hiki cha mwisho, Mama Kudra. Wasije wakasema." Nikamshika shati. Akautoa mkono wangu taratibu, akafunga mlango, akakaa mahali pake.

Hakuweza. Kibati kiligonga ukingo wa jiko, mara moja, mara mbili, kikapinduka. Kitonge kikazama kwenye majivu. Melkiori akapiga magoti na kijiti akachokoa asikione. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Mtoeni huyu mlevi." Othmani akanyoosha viganja vyake vyote viwili, waone havina kitu. Vilitetemeka pale hewani, na hakuna hata mmoja aliyevitazama.

Nifanye nini mimi? Duka hatuna. Shamba hatuna. Mume mlevi na mwizi, hivyo ndivyo tungetoka machimboni pale, na habari ingetutangulia Singida kabla ya sisi kufika. Nikamsukuma Melkiori pembeni, nikaingiza mkono kwenye majivu ya moto, nikakitoa kile kitonge. Kiliniunguza, sikukiachia. Nikamwambia Othmani, "Toka nje, mchukue Kudra, mkakae mbali." Akanitazama. Alielewa, na machozi yakamtoka mbele za watu, yeye ambaye hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza hakulia hadharani. "Toka!" nikamfokea. Akatoka.

Nikafunga mlango. Nikainama juu ya kibati kama nilivyomwona akiinama miaka yote ile, nikapepea mkaa. Moshi ulikuwa na ladha ya sarafu. Rangi ilipogeuka, Melkiori akapima, akapima tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Haijapungua," akasema. Akanikatia punje yetu.

Nilipofungua mlango palikuwa na watu wanne wamesimama na vitambaa vyao mkononi. "Na changu, Mama Kudra," akasema wa kwanza. Godfrey alikuwa amechuchumaa pembeni yao, karatasi juu ya goti, kalamu tayari.

"Mstari huu naukata, mama," akasema, "kwa kuwa mzee ameacha."

"Usikate," nikamwambia. "Nusu kilo yako iache palepale. Badili jina tu."