Mtani Aliyeambiwa Achimbe Kaburi

Siku ile mtama ulikuwa umekomaa, na mimi nilikuwa kazini. Msicheke, nilikuwa na kazi. Miguu yangu ilikauka tangu kuzaliwa, lakini mikono ilikuwa mizima, basi mama alinibeba mgongoni kila alfajiri hadi shambani, pale kwetu Kwamsisi, akaniketisha juu ya ngozi niamie ndege. Nilivuta kamba yenye vibuyu, na tetere wakaruka.

Nilikuwa jitu zima la kubebwa. Nilipozaliwa, bibi wa ukoo alishauri nipelekwe porini, kama walivyofanyiwa watoto wa mkosi. Mama alimjibu, "Aliyemleta hakukosea njia." Bibi hakulirudia tena neno lile.

Mizinga tuliisikia upande wa Korogwe. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma mbele ya Waingereza, wakipita Handeni kuelekea kusini, na mizigo yao ilitaka vichwa vya kuibeba. Wanaume wote wakajificha vichakani. Baba alilala kwenye kichaka nyuma ya nyumba yetu, karibu kiasi cha kusikia tukikohoa. Wanawake walibaki, kwa kuwa tuliamini askari hawachukui wanawake.

Tulijidanganya. Walipokosa wanaume, wakaanza kuchukua yeyote.

Tulikuwa tunatoka shambani. Askari alikuwa amesimama uani kwetu, bunduki begani. Nyuma yake, njiani, niliona majirani wamefungwa kamba shingoni, na mmoja wao alikuwa mama wa rafiki yangu.

Nilijikojolea. Mkojo ulimtiririkia mama mgongoni.

"Mumeo yuko wapi?"

"Alikwenda Pangani. Hajarudi."

"Basi utabeba wewe. Mgongo unaobeba dume hilo utashindwa na sanduku la risasi? Mtue."

Mama alinitua. Nilimsikia akinong'ona, "Hasbiya Allahu," yaani Mungu ananitosha, mara nyingi, haraka haraka. Nikamshika mguu kwa mikono yote miwili, na askari akaja kunibandua.

Ndipo mama akamtazama usoni.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Wa Tabora. Kwani vipi?"

"Basi mtani wangu, mimi Mzigua. Chukua jembe lile pale ukutani."

"La nini?"

"Uchimbe. Mtoto huyu hatembei. Ukinichukua atakufa kwa kiu humu ndani, na maiti ya Mzigua husitiriwa na mtani. Kazi yako hiyo, mla panya we! Chimba kabisa, nilione kaburi lake, ndipo unipe sanduku lako."

Askari aliangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, hata kwenye vita. Akalichukua jembe kweli, akapiga pigo moja, udongo ukanirukia miguuni.

Kisha akanitazama.

Hakupiga la pili. Alilirudisha jembe ukutani taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzigua, umeniweza. Lakini nikirudi mikono mitupu, viboko ni vyangu. Nipe mtu mmoja."

Mama hakugeuka kutazama kichakani. Nami nilijua, na yeye alijua, kwamba baba anasikia kila neno.

Majani yakachakarika.

"Nipo," baba akasema.

Alikuja akapangusa udongo miguuni kwangu kwa kiganja, akamwambia mama, "Mpe maji mtoto." Halafu akainamisha shingo, akafungwa.

Vita viliisha, Waingereza wakatawala. Wapagazi wachache walirudi, wamebaki mifupa. Mmoja alisema baba alianguka kwa kuhara ng'ambo ya Rufiji. Mwingine akaapa alimwona hai. Wazee walimtaka mama akae eda kama mjane. Alikataa katakata. Alilima, alinibeba, alimwekea baba chakula kila Idi.

Ndevu zilikuwa zimeanza kuniota asubuhi moja nilipoamka nikamwona mama ameketi mkekani, amevaa kaniki, hana hereni wala bangili.

"Mama, umepata habari?"

"Sikupata. Lakini nimemngojesha vya kutosha. Hakuzikwa na mtu, basi angalau mkewe amlilie."

Akalia, na mimi nikalia. Nilimwuliza lile nililoogopa miaka yote: kama alijuta kunichagua mimi badala ya baba. Akafuta macho kwa ncha ya kaniki.

"Nilikuwa nampigania mwanangu, nikasahau kwamba yule kichakani ni babake, naye angempigania," alisema. "Askari yule angerudi leo, ningemwambia yale yale. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."