Namba Aliyoibadilisha Maman Bulonza

Mwaka 1991, pale depo yetu ya dawa Bukavu, ukiiuliza kompyuta maboksi ya kinini, dawa ya malaria, yaliyobaki, ulikwenda kwanza kunywa chai ukingoja jibu. Diski ilikwaruza, sisi tukatafuna mandazi na kusema imezeeka.

Maman Bulonza hakukubali. Aliajiriwa kupiga barua kwa taipu, akajifunza Unix, mfumo ulioendesha mashine ile, peke yake katika kitabu cha Kifaransa, na subira hakuwa nayo hata chembe!

"Diski iko muzima!" alifoka. "Tuliongeza memwari, lakini kiini ya sisteme iko inatumia kidogo ile ya zamani. Kila swali inarudi kusoma diski upya!"

Aliweka pembeni nakala ya kiini cha zamani, ile programu kuu inayoamua memwari itumike vipi. Kisha nafasi za kutunzia kwenye memwari yaliyokwisha kusomwa akazipandisha kutoka mia moja hadi elfu mbili, akaunda kiini kipya, akazima mashine, akawasha.

Papa Alphonse, mkuu wa ghala, akaiuliza mashine kinini iliyobaki. Diski ikakwaruza kama kawaida, naye akachukua kikombe chake.

"Rudi, papa! Sasa imeshasoma. Uliza tena!"

Akabonyeza. Jibu likatoka kabla hajainua kidole: arobaini na tatu!

"Inadanganya," alisema papa Alphonse. "Haikutafuta."

Tulikimbia wote hadi kwenye rafu, tukahesabu kwa sauti. Quarante-trois, arobaini na tatu kamili! Tulipiga kelele, tukakumbatiana, tukarudi mbio kumpongeza.

Maman Bulonza alikuwa dirishani, anaimwaga nje chai yetu ya kungojea.