Kadi ya Kumi na Saba

Siku niliyoripoti Babati, Mkuu wa Shule alinikabidhi vipindi vyangu vya hesabu, ufunguo wa stoo na boksi la sataranji. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Ofisi zilikuwa zinatafuta majengo, na sisi tuliohamishiwa huko tulikuwa tunatafuta vyumba vya kupanga. Mimi nilipata mtaa wa Maisaka.

"Wewe ni wa hesabu," alisema Mkuu. "Klabu ya sataranji ni yako."

Nikaitikia, "Sawa, Mkuu." Sikumwambia kwamba nilichojua ni namna kete zinavyotembea, basi.

Ninyi walimu vijana mtacheka, lakini enzi zetu kupewa klabu usiyoijua lilikuwa jambo la kawaida. Kwangu tatizo lilikuwa woga. Muhula haujaisha, kidato cha tatu walikuwa wananifunga bila huruma. Niliogopa kwamba dharau ile itahamia darasani, na mwalimu wa hesabu akishadharauliwa amekwisha.

Ndipo nikabuni njia yangu. Stoo kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, kimejaa mafumbo: kete zimepangwa, nawe utafute hatua ya ushindi. Nilichora mafumbo sitini kwenye manila, ile karatasi ngumu tunayotengenezea zana za kufundishia, nikayakata kadi, nikazipa namba na kuandika jibu nyuma ya kila moja. Sheria ilikuwa moja. Kadi hizohizo, kila siku, nikifika ya sitini naanza upya, na kila mzunguko uwe mfupi kuliko uliotangulia. Mzunguko wa kwanza ulinichukua wiki mbili. Wa tisa, nusu saa. Ofisini waliniita Mama Kadi, nami niliitika, maana wanafunzi walikuwa wameanza kunifunga kwa shida.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda stoo, tulimochezea, iwe stoo. Wazazi wawili watatu walikuwa wamemlalamikia kwamba sataranji ni ndugu ya kamari. Siku moja wakati wa chai akaja mezani kwangu, akachomoa kadi ya kumi na saba na kuniinulia usoni.

"Hii jibu lake nini?"

Kadi ile niliifahamu. Lakini niliifahamu kwa doa la chai lililokuwa pembeni, na doa lenyewe lilikuwa chini ya kidole gumba chake. Nikatazama, nikatazama tena. Hakuna kilichonijia.

"Kumbe unakariri, Mwalimu!"

Walimu mnajua neno hilo linavyochoma. Miaka yote nilikuwa nikiwagombeza watoto kwa kosa hilohilo.

"Mwezi ujao bodi ya shule inakaa," Mkuu akaendelea. "Mzee Salim ni mjumbe, na mchezo huu anaujua tangu utoto. Utacheza naye. Akisema klabu haina maana, tunaifunga." Akaitia kadi kwenye mfuko wa koti, akaenda zake.

Klabu ile niliyoipokea kwa woga, sasa niliogopa kuipoteza. Baba Neema, mume wangu, aliniuliza kwa nini sitafuti njia nyingine.

"Nyingine sina," nikamjibu. "Hii nimeshaizoea mpaka makosa yake."

Nikachora upya ya kumi na saba, kisha nikaongeza sheria ya pili: kabla ya kujibu, nitaje kwa sauti kila kete na inacholinda. Mfalme, malkia, ngome, mpaka askari, wale wadogo wa mstari wa mbele. Ile nusu saa ikarudi kuwa siku tatu. Iliniuma, kwa sababu nilijiona narudi nyuma na bodi inakuja.

Mzee Salim alikuwa muuza vitambaa sokoni, mpole, mwenye vidole vilivyozoea kupima yadi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Usiogope, mimi sing'ati."

Niliogopa hivyohivyo. Tulicheza mbele ya bodi nzima, na Mkuu alisimama nyuma yangu. Katikati ya mchezo nikaitambua picha. Mfalme wake na malkia wake walikuwa wamekaa vilevile kama kwenye kadi ya kumi na saba! Farasi wangu angeruka mara moja tu, awatishie wote wawili, na malkia angekuwa wangu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya farasi.

Nikaurudisha mapajani. Midomo ikaanza kutaja: mfalme, malkia, ngome. Nikafika kwa askari wa pembeni. Kwenye kadi yangu hakuwepo. Hapa alikuwepo, na alikuwa analinda mraba uleule ambapo farasi angetua. Ningeruka, ningeliwa.

Nikasogeza ngome. Saa moja baadaye tukatoka sare.

"Mbona hukuruka na farasi?" Mzee Salim akauliza.

Nikamwonyesha yule askari. Akacheka kidogo, akaingiza mkono mfukoni na kuitoa kadi yangu, na doa lake la chai. "Mkuu wako aliniletea, nami nikakutegea," akasema. Kisha akawageukia wenzake wa bodi. "Huyu hakariri. Mwacheni na watoto wake."

Nimestaafu sasa. Asubuhi hulima mboga, jioni hupitia mafumbo. Wasiwasi haukunitoka, ila tumezoeana.

Siku ya kuagwa nilimkabidhi kijana aliyeshika nafasi yangu ufunguo, boksi na kadi zote sitini. Alizipokea kwa mikono miwili akaahidi kuzipitia kila siku. Hakujua kwamba wiki nzima kabla ya hapo nilikaa na kifutio na penseli, nikaongeza au kuhamisha askari mmoja katika kila kadi, na majibu ya nyuma nikayaacha yalivyo.

Hajanipigia bado. Kila simu ikilia, naomba iwe yake, amekasirika, ananiambia kadi zangu zina makosa.