Mstari wa Kunyamazisha Maonyo

Tulimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwuliza saa, kwanza anaitazama, kisha anaitikisa, kisha anakuambia, "Kama haijasimama, ni saa nne." Miaka kumi na mmoja nilikaa naye meza moja katika karakana ya vifaa vya hospitali, mimi nikilehemu bodi, yeye akiziandikia programu. Sikuwahi kumwona akikimbia ila siku mke wake alipojifungua, na hata siku hiyo alirudi kutoka mlangoni kuzima kompyuta.

Wageni walikuwa hawaielewi kazi yake, basi mimi ndiye niliyewaeleza. Programu inaandikwa kwenye kompyuta kubwa, lakini inakwenda kuishi ndani ya chipu ndogo kama ukucha, na chipu haijui lugha ya mwandishi. Anayeitafsiri ni kompaila. Juu ya kompaila kuna msimamizi, wenyewe wanamwita kiendeshi. Ni kama msimamizi wa ujenzi, hashiki tofali hata moja. Anawaambia tu mafundi wajenge nini na wachukue vifaa stoo ipi. Maagizo yake anayapata kwenye faili moja. Ukimwandikia stoo siyo, atachukua huko huko bila kukuuliza, na nyumba itasimama vizuri tu machoni pa watu.

Kwa hiyo Taratibu alikuwa na desturi yake. Akimaliza faili la bodi mpya, anakiamuru kiendeshi kionyeshe kila amri kitakayoitoa, anazichapa zote kwenye karatasi, halafu tunakaa. Yeye anasoma mstari kwa sauti, mimi nauangalia kwenye kitabu cha chipu na kuitikia. Mistari themanini, wakati mwingine tisini. Nilimtania kwamba hata mkewe alimposa kwa maswali machache kuliko hayo.

Mwaka juzi zilikuja bodi mpya zenye chipu mpya, za inkubeta, zile mashine za kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mimi nilikuwa likizo, hospitali inazitaka kesho yake, na bosi amesimama nyuma ya kiti. Taratibu akasoma orodha peke yake, mbio mbio. Bodi zikaenda.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, mtoto mmoja alikutwa amekufa ndani ya inkubeta yenye joto kali. Muuguzi wa zamu alisema aliweka thelathini na sita kama kila siku. Mashine ililetwa kwetu, tukaipima siku mbili, ikapima sawasawa. Basi kosa likawa la muuguzi. Walimfukuza kazi, na mtaani kwao wakampa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwaka huu zilikuja chipu za aina nyingine. Taratibu akatoa orodha ile ya mwaka juzi aitumie kama mfano, akasema tuisome kwanza. Tulipofika mstari wa hamsini na kitu akaweka kidole.

"Dada," akasema, "hii stoo ni ya chipu ya zamani, siyo ya inkubeta."

Nilitazama kitabuni. Ni kweli. Kwa hiyo sehemu moja ya programu ilikuwa inampa mwenzake namba ya joto kwa mkono wa kulia, na mwenzake anaipokea kwa mkono wa kushoto. Mara nyingi mkononi mle mlikuwa bado na namba ileile, hesabu ikatoka sahihi. Mara moja moja mlikuwa na takataka.

"Lakini kompaila ingekuonya," nikasema.

Akashusha kidole mstari wa chini yake. Hapo alikuwa amekiagiza kiendeshi kisionyeshe maonyo. "Yalikuwa mengi, dada, na mengi ya kipuuzi. Nikasema nitayarudisha baadaye."

Alipiga simu wodini wazitoe mashine zote wakati uleule. Na hapa nitasema ukweli, maana nimeubeba vya kutosha. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Waambie ni matengenezo. Tubadilishe programu, basi. Mtoto hatarudi."

"Na yule muuguzi?"

"Ameshapata kazi nyingine."

"Umejuaje?"

Sikuwa najua lolote. Niliuachia mkono wake.

Zilipoletwa kwetu, aliiacha mashine moja ikifanya kazi mezani petu, tupu, kipimajoto kingine kikiwa ndani. Siku ya nne joto likapanda, huku kioo chake kinasema thelathini na sita. Taratibu akaandika barua ya kurasa mbili na kuipeleka kwa bosi mwenyewe. Bosi alimnyang'anya funguo za karakana kabla ya saa ya chakula. Hospitali ikamwandikia muuguzi mistari mitatu, ikamsafisha. Taratibu akasema karatasi peke yake haitoshi, akaniomba nimsindikize. Nilikwenda kwa aibu.

Muuguzi alitufungulia mlango mikono ikiwa na povu la sabuni. Taratibu alimweleza yote akiwa amesimama, asiache hata mstari ule wa maonyo. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua nilichobonyeza," akasema. "Usinieleze mimi. Nenda kamweleze mama mkwe."

Mama mkwe alikuwa chumba cha ndani na redio yake. Aliizima tulipoingia. Taratibu akaanza habari za chipu na stoo, bibi akainua mkono.

"Mwanangu, hayo mimi siyajui. Mkwe wangu alibonyeza sawa, au hakubonyeza sawa?"

"Alibonyeza sawa, mama. Kosa ni langu mimi."

Bibi akanyanyuka, akajishikilia ukutani hatua kwa hatua hadi dirishani, akalifungua lote. Nje palikuwa na bomba la maji, na wanawake saba au wanane kwenye foleni na ndoo zao. Wengine walitugeukia.

"Sasa sema tena," akamwambia. "Mwaka mzima na zaidi wamemsema hapo hapo, na mimi nilikaa humu nikawasikiliza. Mungu anisamehe, kuna siku niliwaamini."

Taratibu alishika vyuma vya dirisha. Sauti ilitoka kubwa, ikakatika katikati, akaianza upya. Akasema yeye ndiye aliyetengeneza ile mashine, akasema mashine ndiyo iliyomuua mtoto, na muuguzi hakukosea kitu. Pale bombani maji yaliendelea kumwagika juu ya ndoo iliyokwisha kujaa, na hakuna aliyeifunga koki.

Nyuma yetu muuguzi alikuwa ameteleza chini mlangoni, amefunika uso kwa mikono ileile yenye povu, analia kwa sauti.

Bibi hakugeuka. "Tena," akasema.