Maombi ya jicho moja

Leo nimeombewa na muuza umeme.

Mwanaume wa kwetu, tai shingoni, ameingia salooni kwangu hapa Reynoldsburg.
"Mama, Bwana asifiwe. Hapa Ohio unajichagulia mwenyewe kampuni ya umeme. Nionyeshe bili yako, nikutafutie bei nzuri."

Nikakataa. Wauzaji hawa wakipata namba iliyo kwenye bili, wanaweza kukuhamisha kampuni bila wewe kujua.

Hakukasirika.
"Basi tuombee biashara yako."

Bon, maombi nani anakataa?

Nikainamisha kichwa, lakini jicho moja nikaliacha wazi.
Mkono mmoja ameuinua mbinguni. Wa pili unapiga picha bili niliyobandika ukutani.

"Mtumishi, futa kwanza hiyo picha. Amina tutaisema baadaye."

Wenye salooni, amepita kwenu? Mlifunga macho yote mawili?