Alamu ya Ijumaa

Miaka minne nilivuta nyaya za alamu za kuzuia wezi, Kitengela mpaka Kajiado, nikipanda ngazi na kutoboa kuta za watu, na mdosi aliyeniajiri hakuwahi kunipa namba ya siri ya kuseti saa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akaandikwa dada mmoja kutoka Kimuka, na cheti chake cha chuo. Wiki ya tatu tu, akapewa kijitabu cha namba. Yeye ndiye wa kuiambia alamu ijiwashe saa ngapi, ijizime saa ngapi. Mimi nishike ngazi.

Nilimwonea wivu, sitaficha. Hata ile kalamu aliyopenda kuweka nyuma ya sikio iliniudhi. Mdosi akimsifu, natoka nje na kikombe changu cha chai.

Tukapata kazi kwenye duka la jumla la familia ya Kiislamu kutoka Garissa. Nilivuta nyaya pale wiki mbili, kwa hivyo nilijua mambo yao. Ijumaa wanaume wanafunga milango wanaenda msikitini, lakini mama yao mzee habanduki. Anabaki stoo, anatandaza mkeka katikati ya magunia ya sukari, anasali. Ijumaa zote mbili nilishuka ngazi, nikaondoa vyombo vyangu, nikampisha. Akimaliza ananimiminia chai ya maziwa ya ngamia.

Siku ya kuseti, yule dada alimuuliza mwenye duka, "Ijumaa mnafunga?"

"Saa sita na nusu. Tunafungua saa nane."

Akaandika. Akaseti alamu ijiwashe yenyewe saa hizo, pamoja na lile jicho la stoo linaloshtuka kitu kikisogea. Mimi nilikuwa hapo hapo. Neno lilifika kwenye ulimi nikalimeza. Nikajiambia, si ana cheti? Basi cheti kimwambie.

Ijumaa hiyo king'ora kililia mama akiwa kwenye sala. Aliinuka kwa hofu, akajikwaa kwenye magunia, akaumia goti.

Mdosi alitupeleka sote wawili kuomba msamaha. Dada hakutafuta kisingizio. "Ni mimi, mama. Sikuuliza kama kuna mtu anabaki ndani. Nisamehe." Sauti yake ilitetemeka, na mimi, Mungu anajua, nilifurahi. Mdosi akamnyang'anya kijitabu mbele ya watu, akaninyooshea. Nilikuwa nimekingojea miaka minne. Nikakishika.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, goti limefungwa kitambaa. Akaniangalia kwa upole.

"Hapo sawa," akasema. "Mpe huyu. Huyu anajua mahali ninasali. Kila Ijumaa alikuwa ananipisha."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Yule dada aligeuka akaniangalia. Mdosi naye aliniangalia. Alikuwa bado ameshika upande wake wa kijitabu. Akakivuta polepole, na mimi nikakiachilia.