Ekseli Iliyokatika Siku ya Posa

Sauti ile niliisikia tangu tulipotoka Temeke asubuhi. Kila nilipoachia klachi, nyuma kulilia "ka!", kama mtu anayevunja mua kwenye goti. Nikiondoa mguu kwenye mafuta na kuurudisha, inalia tena. Gari lilikuwa la zamani, la kupitia porini, mali ya mwenye mbao niliyekuwa namwendeshea, naye alikuwa ameniazima kwa Jumapili ile moja. Nilijua kinacholia ni ekseli ya nyuma, lile shafti linalopeleka nguvu kwenye gurudumu. Meno yake yalikuwa yamelika, kwa hiyo ilicheza kwanza ndipo isukume.

"Baba," nilimwambia baba mkubwa aliyekaa kando yangu, "nyuma kuna kitu kinagonga."

"Eh?"

"Nyuma."

"Nyuma yuko shangazi yako," akasema. "Endesha."

Nikaendesha. Sikuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Shuleni mwalimu wa darasa la saba alikuwa akiniuliza swali, kisha anajibu mwenyewe ili somo liendelee.

Tulikuwa tunakwenda Kibamba, na waliokuwa wakienda kuposa walikuwa wananiposea mie. Mposaji kwa kawaida hubaki nyumbani, lakini dereva mwingine hakupatikana. Wazee wakakubaliana niende kama dereva tu. Nisishuke, nisiingie ndani, nisijulikane. "Ukiulizwa, umekodiwa," shangazi alinionya. Binti mwenyewe nilikuwa nikimwona kwenye foleni ya duka la ushirika Tabata, alikokuwa akikaa kwa dada yake. Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Mie nilikuwa namshikia nafasi akienda kunywa maji, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Miaka ile mafuta yalikuwa shida, na Jumapili magari hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana. Ukikutwa, gari linachukuliwa. Kwa hiyo tulitakiwa tufike, tuzungumze na turudi mapema. Na kila nikifikiria saa nane nilikuwa nasikia "ka!" hata pale gari lisipolia.

Tuliacha barabara ya Morogoro tukateremka njia ya mchanga. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya korongo. Tulilivuka korongo, nikatia gia ya kwanza kupanda kale kamwinuko ka mwisho, na hapo nikasikia mlio mmoja mzito. Injini ikanguruma, gari likasimama palepale, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Nikakanyaga breki.

"Tumefika?" shangazi akauliza.

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa nyumba ilikuwa inaonekana.

Wakashuka, wakajipangusa vumbi, wakapanda kwa miguu, shangazi na sinia lake lililofunikwa kitambaa cheupe. Mie nikaingia chini ya gari.

Nilikuwa nimefungua nati za gurudumu la nyuma na kuvuta kipande cha ekseli kilichokatika, ndipo akatokea mzee mmoja akisukuma baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni. Alisimama akatazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa. Ekseli imekatika."

"Hebu nione."

Nikampa kile kipande. Akakigeuza kwenye jua. Pale kilipokatika, sehemu moja ilikuwa nyeusi yenye kutu, sehemu nyingine inameta kama chumvi ya mawe. Nikamweleza kwamba pale peusi ni ufa wa siku nyingi, na pale panapometa ndipo palipokatika leo.

"Kumbe ilikuwa inakatika polepole."

"Ndiyo."

"Nawe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukasema?"

"Nilisema."

"Wakakusikia?"

Nikatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

"Unasemea tumboni, kijana," akacheka. "Unafanana na huyo wanayemposea hao abiria wako. Nimeambiwa hana mdomo kabisa. Na mpwa wangu ni chiriku! Nyumba hiyo itakuwa na redio moja na kabati moja."

Hapo nikajua ni nani. Binti alikuwa wa watu wa kusini, na kwao mjomba akikataa, hakuna harusi. Huko ndani kumbe walikuwa wamekaa wanamngoja yeye, na yeye amechuchumaa hapa na mie, hana haraka, anauliza.

"Sasa mtarudije?"

"Kwa magurudumu ya mbele. Gari hili linavuta mbele na nyuma. Nikifungua shafti refu la katikati, nyuma hakutapata nguvu tena. Mbele kutavuta peke yake."

"Na ule mlima wa mchanga?"

"Tutaupanda kinyumenyume. Tukienda mbele uzito wote unalala nyuma, magurudumu ya mbele yatazunguka bure."

Akatazama saa yake. "Saa saba imepita," akasema, kisha akashusha kanzu na kwenda ndani.

Nilifungua lile shafti, nikaziba tundu la gurudumu kwa tambara mchanga usiingie, nikawasha, nikajaribu. Mbele kulivuta. Nikazima. Ndani nilikuwa nasikia sauti ya baba mkubwa, bado yuko kwenye salamu. Alikuwa mtu ambaye akianza kuwasalimu wakwe hupitia wazima, wagonjwa, marehemu na mavuno. Nikaenda hadi mlangoni, nikarudi kwenye gari. Nikakaza nati iliyokwisha kukazwa. Nikaenda tena, nikarudi tena. Nikiingia nitaharibu posa, maana nitajulikana. Nisipoingia, wataposa vizuri halafu walale kwa wakwe bila kualikwa, aibu ambayo ingeharibu posa vilevile. Mara ya tatu sikurudi. Nikavua viatu.

"Shikamooni. Gari halina nguvu nyuma. Tukikaa zaidi saa nane itatukuta njiani. Tuondoke sasa."

Nilikuwa nimepiga kelele. Kuku aliyekuwa uvunguni mwa kiti akatoka.

"Jamani, madereva wa kukodi hawa!" shangazi akasema haraka. "Adabu hawana kabisa. Toka nje, wewe!"

Nyuma ya pazia mtu akacheka, na sauti niliyoijua ikasema, "Dereva gani? Si ndiye yule wa kwenye foleni!"

Shangazi akajifunika uso kwa ukaya. Mjomba alitazama mikono yangu yenye grisi, akatazama pazia, akamtazama baba mkubwa.

"Nyie nendeni," akasema. "Jibu nitalileta mwenyewe."

Tuliupanda mlima kinyumenyume, kichwa changu nje ya dirisha, shangazi anasoma dua, baba mkubwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Chini, mjomba alisimama uani akawaambia majirani kwa sauti ya kusikika kote, "Mmeona wageni wangu? Hata kunipa mgongo hawataki!" Watu wakacheka. Sikujua kama ni kicheko cha kutukubali au cha kutufukuza.

Tuliwahi kufika kabla ya saa nane, na gari likapandishwa juu ya matofali uani kwa mwenye mbao. Nilizunguka maduka yote ya vipuri, jibu lilikuwa "Hakuna, pitia mwezi ujao." Usingizi ulikuwa haba. Nikisikia kengele ya baiskeli nje, nilikuwa nasimama kabla sijajua kwa nini.

Mjomba alikuja nyumbani kwetu siku ya kazi, mchana, amepanda basi. Wazee wangu hawakuwapo. Alikataa kiti.

"Ekseli umepata?"

"Bado, mzee."

"Basi na harusi ingoje. Siwezi kumpandisha mpwa wangu kwenye gari linalokwenda kinyumenyume."

Nilijibu kabla sijafikiri. "Tutampakia basi la asubuhi, mjomba. Linakwenda mbele tangu Kibamba mpaka hapa."

"Nani kakwambia uniite mjomba?"

Safari hii sikutafuta spana. "Hakuna aliyeniambia," nikasema.

Akanitazama. Kisha akavua viatu, akavuta mkeka, akakaa, akauliza kama kuna maji ya kunywa.